Mji usio na jiwe: maisha juu ya tope la Asmat

Agats ni makao makuu ya wilaya ya Asmat, kusini mwa Papua upande wa Indonesia, pale mto unapoingia Bahari ya Arafura. Mji mzima umesimama juu ya nguzo: nyumba, maduka, ofisi, misikiti, makanisa, na njia zote za kupita. Chini yake ni tope la mikoko. Kokoto hakuna, jiwe hakuna. Zamani, kabla chuma hakijafika, shoka la jiwe lilikuwa mali ya thamani kwa Waasmat kwa sababu jiwe lenyewe lilitoka kwa watu wa milimani na kufika huku kwa kubadilishana mkono kwa mkono.

Wengi wakisikia "kinamasi" hufikiria mbu na mafuriko, basi. Mimi hutazama kitu kingine. Ardhi kavu hutufanyia kazi nyingi bila kudai ujira: hubeba nyumba, huchuja maji ya kisima, humeza kinyesi, hutupa barabara na shamba. Mahali ambapo ardhi hiyo haipo, kila kazi kati ya hizo inabaki mikononi mwa mkazi, naye ana mbao, bati na mvua tu za kuifanyia.

Tuanze na maji ya bahari, maana ndiyo saa ya mji. Pwani ya Asmat ni tambarare mno, hivyo maji yakijaa hupanda na mito hadi mbali ndani ya msitu. Wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa ya mwezi, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa mita 4 hadi 5. Urefu wa sakafu hupimwa kwa alama ya bamvu kubwa ya mwaka, kisha huongezwa nafasi ya mawimbi na ya kuzama kwa nguzo. Anayejenga wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, na kupima kwa macho atapata maji jikoni kabla mwaka haujaisha.

Nguzo yenyewe haifikii mwamba, kwa kuwa mwamba hauko karibu. Inashikiliwa na msuguano wa tope ubavuni mwake, kwa hiyo nguvu yake inatokana na urefu uliozama na unene wa mti. Huchongwa ncha, husimamishwa wakati wa maji kupwa, hufungwa mti wa kukingama kifuani, na watu wawili au watatu huupanda na kuuyumbisha huku na kule wakati nguzo ikijichimbia. Pampu ndogo ya maji na bomba lililoelekezwa kwenye ncha hurahisisha kazi, lakini tope lililosukumwa na maji huchukua siku kadhaa kushika tena. Usiipandishie nguzo mzigo siku hiyo hiyo. Nguzo inayozama kirahisi mno hupigiwa kiatu, yaani vipande viwili vya mbao ngumu vinavyoikumbatia na kulala juu ya tope ili kutawanya uzito.

Mti unaotafutwa zaidi ni merbau, ambao wataalamu wa miti huuita Intsia bijuga. Na hapa kuna jambo ambalo mgeni hulikosea kila mara: sehemu ya nguzo iliyozikwa topeni haiozi upesi, kwa sababu kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa na humo hewa hakuna. Inayokufa ni ile mita moja au mbili inayolowa na kukauka kila siku, pamoja na sehemu inayotobolewa na wale viumbe wa jamii ya chaza wanaokula hata mitumbwi. Mkaguzi mzuri hagongi nguzo juu karibu na sakafu. Hushuka maji yakipwa, akaichoma kwa kisu penye alama ya maji. Kisu kikizama kama kwenye kiazi, nguzo imekwisha, hata kama juu yake inang'aa. Misumari ya kawaida nayo huliwa na chumvi haraka kuliko mbao; boliti zilizopakwa zinki ndizo hudumu, na viungo vya mshazari kati ya nguzo visiachwe, maana nyumba za namna hii huanguka kwa kuyumba kabla hazijazama.

Njia za mji zilikuwa za mbao tupu, na sasa nyingi zimewekwa zege juu ya nguzo. Ni nyembamba, kwa hiyo magari hayana nafasi, na watu huendesha pikipiki za umeme. Ni uamuzi wa busara: ni nyepesi, na petroli yote huja kwa chombo. Kwa njia za mbao zilizobaki, acha upenyo wa sentimita moja kati ya ubao na ubao ili maji yapite na ukungu wa kijani usijijenge. Ubao wenye ukungu baada ya mvua huvunja mikono ya wazee kuliko ubao mbovu.

Sasa maji ya kunywa. Mvua ya huku hupita milimita 3,000 kwa mwaka, na bado watu hukaukiwa. Mto una chumvi maji yakijaa na tope yakipwa. Maji ya msituni ni ya kahawia kama chai, machachu, yamejaa masalia ya majani. Kisima kifupi hutoa chumvi na chuma. Inabaki mvua.

Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 40, ukitoa kinachopotea, hukupa kama lita 640 katika mvua ya milimita 20. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 7.5 za kunywa na kupikia, huhitaji lita 45 kwa siku. Tangi la lita 2,000 litawavusha siku 44 bila tone. Hiyo inatosha miaka mingi. Haitoshi mwaka wa El Niño (joto la Bahari ya Pasifiki ambalo huku hukata mvua), kama 1997 au 2015, ambapo ukame uliipiga Papua nzima, na mvua zikipungua hivyo chumvi ya bahari hupanda mito zaidi. Ningependa kila nyumba iwe na tangi moja ambalo halifunguliwi mpaka lile la kwanza liishe.

Makosa matatu hurudiwa. La kwanza ni kuweka tangi juu ya sakafu ya nyumba. Lita 2,000 ni tani mbili, na sakafu hiyo ilijengwa kwa ajili ya watu na mikeka. Kona ya nyumba hushuka, milango hugoma kufunga. Tangi lipewe nguzo zake. La pili ni kutomwaga maji ya kwanza ya mvua, yenye kinyesi cha ndege na vumbi la paa. Kwa paa lile la mita 40, maji ya kumwagwa ni lita 20 hadi 40. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3, likisimamishwa wima chini ya gata na kuzibwa mwisho, hushika kama lita 24. Likijaa, maji safi hupita juu kuelekea tangini. Toboa tundu dogo la kudondosha chini yake, la sivyo mvua ya kesho italikuta limejaa uchafu wa leo. La tatu ni kuweka wavu kwenye mdomo wa kuingilia na kuusahau ule wa kufurikia. Mbu hachagui mlango.

Mtu akilazimika kutumia maji ya kahawia, klorini peke yake itamdanganya. Masalia ya majani huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Kwanza yatulize kwa shabu. Kama maji ni machachu sana shabu haitagandisha kitu, hivyo chokaa kidogo hutangulia. Koroga kwa kasi, kisha polepole, yaache yatulie, mimina ya juu kupitia kitambaa, ndipo utie klorini. Baada ya dakika 30 pima klorini iliyobaki: iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikiwa sifuri, rudia. Kiasi cha shabu hakiandikwi kitabuni. Jaribu kwenye chupa sita zenye vipimo tofauti na uchague ile iliyong'aa.

Choo ndicho kitendawili kibaya kuliko vyote. Shimo halichimbiki, linajaa maji lenyewe. Tangi la plastiki la maji taka likizikwa topeni litaelea siku utakapolinyonya: tangi tupu la lita 1,000 husukumwa juu na nguvu ya karibu tani moja, na hupanda pamoja na bomba na sakafu. Lifungwe kwa mikanda kwenye nguzo nne, au libaki juu ya nguzo. Watu wengi basi huacha choo kikiwa wazi juu ya maji na kuiachia bahari kazi ya kusafisha. Bahari huifanya, lakini kwa zamu zake. Katika siku za maji mafu, maji hayafiki chini ya nyumba za nyuma, na kila kilichodondoka hubaki pale kwenye tope ambamo watoto hucheza na kutafuta kaa. Ukilinganisha tarehe za kuhara na kalenda ya mwezi, usishangae ukiona zinafuatana.

Ninachopendekeza ni choo kikavu cha vyumba viwili, juu ya sakafu, kinachotenganisha mkojo. Kila baada ya haja hutupwa kopo la majivu au makapi makavu ya sago, mti wa chakula wa huku. Chumba kimoja kikijaa hufungwa miezi 6 au zaidi huku kingine kikitumika. Hushindwa kwa sababu moja: unyevu. Maji ya kunawia yakiingia humo, au majivu yakihifadhiwa mahali penye mvua, kinakuwa pipa la funza. Mahali ambapo watu hujisafisha kwa maji lazima pawe na tundu la tatu kwa ajili hiyo, na mtu anayelisahau tundu hilo katika mchoro wake hajafikiria watumiaji.

Chakula ni sago. Ni mti wa jamii ya mnazi, hukua kwenye maji matamu nyuma ya mikoko, huchanua mara moja tu kisha hufa. Wanga hufika kilele kabla tu ya kuchanua, mti ukiwa na miaka 8 hadi 15. Ukichelewa, mti umekwisha kuutumia mwenyewe. Huangushwa kwa shoka, gome hupasuliwa kwa urefu, na moyo wake hutwangwa kwa tezo ya mti hadi uwe kama machicha. Machicha hupelekwa kwenye mfereji uliotengenezwa kwa makuti mapana ya mti huo huo, ukiwa umeinamishwa, na katikati yake umewekwa kilifu kama chujio. Hapo ni kama kukamua tui: mimina maji, kanda, kamua, rudia. Maji meupe hupita, machicha hubaki, na wanga hutuama chini ya mfereji wa pili. Maji humwagwa taratibu, wanga mbichi hufungwa kwa majani.

Kinachoharibu kazi ni maji. Maji ya kahawia huutia wanga rangi ya kutu, na maji ya chumvi huuharibu ladha, kwa hiyo kambi hupigwa penye kijito kitamu hata kama miti mizuri iko mbali nacho. Gogo lililoangushwa lisikae: wanga huanza kuchacha na kupungua ndani ya siku chache.

Mti mmoja mzuri hutoa kilo 150 hadi 300. Kilo 150 za wanga mkavu zingeweza kuipa familia ya watu watano nguvu kwa takriban siku 50. Lakini ni nguvu tupu. Gramu 100 za wanga huo hazina hata gramu moja ya protini. Ndiyo maana vigogo vingine huachwa makusudi vikiwa na matundu, ili fukusi watage ndani. Baada ya kama wiki sita watu hurudi kuvuna mabuu manono yenye mafuta na protini. Mgeni hukunja uso, na hapo ndipo ilipo lishe ya mtoto, pamoja na samaki. Mchele wa dukani ukichukua nafasi ya sago, hauleti mabuu pamoja nao.

Mapema 2018 dunia iliisikia Asmat kwa sababu ya surua na utapiamlo. Watoto wapatao 70 walikufa. Surua humkamata mtoto yeyote asiyechanjwa, ila humuua zaidi aliyekonda. Chanjo yake hutaka nyuzijoto 2 hadi 8 toka bohari hadi mkononi, na kati ya hapo kuna boti, petroli na mto.

Malaria nayo ina sura mbili. Mbu Anopheles farauti huzaliana hata kwenye maji yenye chumvi kidogo, na huanza kuuma jioni mapema, watu wakiwa bado nje ya chandarua. Kisha kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax hujificha kwenye ini na kuamka wiki au miezi baadaye. Dawa ya homa haimgusi huko. Ni primakwini ya siku 14 inayomfikia, na kabla ya kuitoa hupimwa upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu, maana kwa mwenye upungufu huo dawa huzivunja chembe hizo. Mgonjwa hupona homa siku ya tatu na kuacha vidonge. Ratiba ya mhudumu iwe na siku ya 7 na ya 14, la sivyo atamwona tena.

Na hiyo ratiba inategemea boti. Maji yakipwa, vijito vya kuingilia vijijini hubaki tope tupu. Injini ya nje hujipoza kwa kunyonya maji inayoelea juu yake. Ikinyonya tope, impela (kigurudumu kinachosukuma maji ndani ya pampu) huliwa na injini huungua. Nahodha aangalie ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma ya injini: ukipungua, azime, ainue injini, asafishe tundu kwa waya. Awe na impela ya akiba, pini ya propela, kasia na pondo. Safari ya chanjo ianze maji yakiwa yanajaa, ili boti ikikwama iinuliwe na maji badala ya kuachwa juani na sanduku la barafu kwa saa sita.