Upasuaji wa nundu ya dole gumba la mguu: mwacheni mama na miaka yake

"Daktari, mama ana miaka 74, kidonda kitapona kweli?" Hapa Dodoma swali hili halinipiti. Mara nyingi anayeuliza ni mtoto, kwa simu kutoka Dar. Mama mwenyewe kakaa mbele yangu kimya, na hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Umri peke yake hauzuii upasuaji wa nundu hii, mfupa unaochomoza kando ya shina la dole gumba la mguu. Kinachoponya kidonda ni damu inayofika vidoleni. Ndiyo maana, kabla hata ya picha, natafuta mapigo ya damu upande wa juu wa wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Nisipoyapata, habari ya kisu inasimama hapo mpaka mishipa ichunguzwe, awe na miaka 50 au 80. Sukari iliyopanda muda mrefu na nyayo zilizokufa ganzi zinanitisha kuliko mvi. Tumbaku pia, na ugoro umo: nikotini hubana mishipa midogo na kuchelewesha mfupa kuunga, iwe imevutwa au imenuswa. Wazee wa Bahi na Chamwino hunicheka nikifika hapo. Wacheke, ila ugoro waache.

Halafu kuna nyumbani. Mfupa hukatwa, husogezwa na kukazwa kwa skrubu, kisha ni kama wiki 6 za kiatu maalumu kigumu, mara nyingi ukikanyagia kisigino, na ukikaa mguu uwe juu ya mto. Choo ni cha kuchuchumaa? Kiko ng'ambo ya ua? Maji atachota nani? Bibi anayelea wajukuu peke yake namwambia asubiri apate msaidizi, hata kama vipimo vyake vyote ni safi. Na asipange Januari, shamba linamwita na njia ni tope. Asubiri mavuno yaingie.

Mengine nayasema kwa kifupi. Eti nundu itolewe mapema kabla haijauma: isiyouma haiguswi. Eti kitenganisha vidole kitanyoosha dole lililopinda: kinapunguza msuguano tu. Eti baada ya upasuaji utavaa chochote: uvimbe hukaa miezi, na nundu yenyewe inaweza kurudi. Viatu vya ncha sahau.

Mimi huanza na kiatu kipana mbele, miezi mitatu. Wapo ambao baada ya hapo hawautaji tena upasuaji. Kama huna cha kununulia kipya, mpelekee fundi viatu kile ulichonacho, akitanue pale nundu inapogusa. Bei yake hailingani na ya skrubu.