Wanawake wa panki hawakuanza mwaka 1991

Ukifanya kazi ya kumbukumbu za muziki, kuna sentensi utaisikia mpaka uichoke: "Wanawake waliingia kwenye panki miaka ya tisini, na riot grrrl." Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu huja nayo. Mtayarishaji wa vipindi vya redio huja nayo. Huja nayo hata mtu aliyepakata boksi la vipeperushi vya mwaka 1978, ushahidi umemlalia mapajani. Panki ninayoisema ni muziki wa roki wa kasi na ukali, si ile ya kinyozi, ingawa jina ni lile lile; na riot grrrl ni harakati ya wasichana wa panki iliyoanzia Marekani. Na sentensi hiyo si kweli, wala haikaribii kuwa kweli.

Dhana: "Wangekuwepo mapema, tungeona albamu zao"

Hapa ndipo pa kukaa, maana makosa mengine mengi yamezaliwa hapa. Anayeandika historia ya panki huanza na orodha ya albamu. Anazipanga kwa mwaka wa kutoka, anahesabu majina ya wanawake, anaona ni wachache, basi kesi imekwisha. Kwa bendi kama The Clash kipimo hicho hakidhuru sana: waliundwa London mwaka 1976, na Aprili 1977 albamu ilikuwa dukani. Sasa wapime The Slits, bendi ya wasichana, kwa kipimo hicho hicho. Nao waliundwa London mwaka 1976. Machi 1977 walikuwa jukwaani Harlesden, London, wakiwafungulia hao hao The Clash, Ari Up, mwimbaji wao, akiwa na miaka 15. Septemba 1977 walirekodi nyimbo za kipindi cha John Peel cha BBC. Albamu yao, Cut, ilitoka Septemba 1979. Miaka miwili na nusu ya kazi ya jukwaani haimo kwenye orodha.

Hasara haiishii kwenye tarehe. Sikiliza Cut: anayepiga dramu ni Budgie, mwanamume. Palmolive, mpiga dramu aliyekuwa na bendi tangu ilipoundwa, alikuwa ameshaondoka. Mtu aliyeijua bendi kwa albamu peke yake atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba hata The Slits walihitaji mwanamume nyuma ya dramu. Dramu za Palmolive zipo. Ziko kwenye rekodi walizomfanyia Peel mwaka 1977 na 1978, ambamo bendi inakwenda mbio na kwa ukali ambao albamu haina. Ziko pia kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya The Raincoats, ya mwaka 1979, kwa sababu huko ndiko alikokwenda. Mwenye haraka hafiki huko.

X-Ray Spex nao vivyo hivyo. Singo yao ya mwaka 1977, "Oh Bondage Up Yours!", ina saksafoni ya Lora Logic, msichana aliyekuwa bado hajafika miaka 20. Albamu, Germfree Adolescents, ilipotoka mwaka uliofuata, mpiga saksafoni alikuwa Rudi Thomson. Ukianza na albamu, Lora Logic hayupo kabisa.

California hali ni mbaya zaidi. The Bags wa Los Angeles, bendi ya Alice Bag na Patricia Morrison, walitoa singo moja tu enzi za uhai wa bendi, mwaka 1978, kwa lebo ya Dangerhouse. The Avengers wa San Francisco, Penelope Houston akiimba, waliwafungulia Sex Pistols ukumbi wa Winterland tarehe 14 Januari 1978, onyesho la mwisho la Sex Pistols kabla hawajavunjika. Walichokuwa nacho sokoni ni singo ya nyimbo tatu ya mwaka 1977. Albamu yenye jina lao ilikusanywa na kutolewa mwaka 1983, miaka minne baada ya bendi kufa. Kwa orodha ya albamu, Penelope Houston ni mwimbaji wa mwaka 1983.

Albamu ilihitaji mkataba, studio na fedha za kampuni, na milango hiyo haikufunguliwa kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Anayepima kwa albamu anapima nani alipewa mkataba upesi. Nani alikuwepo hajui.

Riot grrrl ilikuwa harakati ya kweli na ya maana. Bikini Kill waliundwa Olympia, jimbo la Washington, mwaka 1990, na ule usiku wa wasichana uliofungua tamasha la International Pop Underground hapo hapo Olympia ulikuwa tarehe 20 Agosti 1991. Kuna sababu njema inayofanya kipindi hicho kionekane kikubwa kuliko vingine: Maktaba ya Fales ya Chuo Kikuu cha New York ina mkusanyo maalumu wa Riot Grrrl, wenye nyaraka za Kathleen Hanna, mwimbaji wa Bikini Kill, na wenzake, zimepangwa, zina faharasa, zinasomeka. Karatasi nyingi za mwaka 1977 bado ziko kwenye madari na chini ya vitanda. Uchache wa kumbukumbu usiugeuze kuwa uchache wa watu.

Basi ufanye nini? Acha orodha ya albamu, anza na maonyesho. Tengeneza jedwali ambalo kila mstari ni tukio moja, si bendi moja. Safu ni sita: tarehe, ukumbi, bendi zote zilizopanda, nani alipiga nini usiku ule, chanzo cha habari, na kiwango cha uhakika (umeona karatasi, umeambiwa na aliyekuwepo, au umesoma kwa mtu mwingine). Ukifika matukio 40 au 50 utaanza kuona watu wakitoka bendi hii kuingia ile, jambo ambalo albamu haikuonyeshi kamwe.

Vipeperushi vingi havina mwaka. Hilo huwakatisha watu tamaa bila sababu. Chukua kipeperushi kisemacho "Ijumaa tarehe 11 Machi". Fungua kalenda za miaka ya nyuma: 11 Machi iliangukia Ijumaa mwaka 1966, kisha 1977, kisha 1983. Kati ya miaka hiyo hakuna mwingine. Kama kwenye karatasi hiyo yumo The Clash na The Slits, kazi ya tarehe imekwisha, na huo ndio usiku wa Harlesden niliotaja. Siku ya juma pamoja na tarehe ya mwezi ni hazina, lakini wanaonakili vipeperushi huandika tarehe wakaacha siku. Nakili vyote viwili, kama vilivyochapwa, makosa ya tahajia yakiwemo.

Majina

Nitalisema hili kila mahali mpaka lisikike: mtu mmoja, ukurasa mmoja, majina yote. Palmolive ni Paloma Romero. Ari Up ni Ariane Forster. Lora Logic ni Susan Whitby. Alice Bag ni Alicia Armendariz. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, ni Marianne Joan Elliott-Said. Jina la jukwaani liko kwenye kipeperushi, la kuzaliwa liko kwenye mkataba, la ndoa liko kwenye barua za miaka ishirini baadaye, na katalogi isiyoyaunganisha inamkata mwanamke mmoja vipande vitatu ambavyo hakuna atakayevikutanisha. Bendi nazo hubadili majina: Kleenex wa Zürich walilazimika kuwa LiLiPUT kwa sababu jina lao la kwanza lilikuwa la kampuni ya tishu. Usiandike "tazama pia" ukaridhika. Chagua jina moja la kuwekea ukurasa, na mengine yote yaelekeze hapo.

Dhana: "Ilikuwa shughuli ya wasichana wa Kizungu"

Msomaji wa pwani ameshaliona jina Said hapo juu. Baba yake Poly Styrene alikuwa Msomali. Yeye alizaliwa Uingereza mwaka 1957, akaunda bendi, akaandika nyimbo, akaimba na vyuma vya kunyoosha meno mdomoni. Alice Bag ni binti wa wazazi wa Mexico. New York mwishoni mwa miaka ya tisini, Tamar-kali na wenzake, wanawake weusi, waliandaa maonyesho yao wenyewe wakayaita Sista Grrrl Riots. London kuna Big Joanie, bendi ya wanawake weusi, tangu 2013. Anayesema hawakuwepo hajawatafuta. Na wewe unayeandika maelezo ya picha: asili ya mtu usiikisie kwa sura yake, tafuta alivyojieleza mwenyewe.

Dhana: "Walikuwa waimbaji tu"

Viv Albertine wa The Slits, gitaa. Tessa Pollitt wa bendi hiyo hiyo, besi. Gaye Advert wa The Adverts, besi. Lorna Doom wa The Germs, besi. Kwa The Raincoats, Ana da Silva gitaa, Gina Birch besi. Palmolive dramu. Gee Vaucher alichora sanaa ya majalada ya bendi ya Crass. Caroline Coon aliandika habari za panki kwenye gazeti la Melody Maker tangu 1976 na kupiga picha. Tuendelee.

Dhana: "Nimeshaskani, karatasi haina kazi tena"

Ina kazi. Na kwa kawaida skani yenyewe ni mbovu. Fanzini, yaani kijarida cha mashabiki, ya fotokopi huskaniwa kwa nyeusi na nyeupe, dpi 200 (nukta kwa inchi), ikageuzwa PDF ndogo. Kilichopotea: rangi ya karatasi, kivuli cha ukingo wa kipande kilichobandikwa, maandishi ya penseli, na kwenye picha za magazeti zenye nukta hutokea michirizi ya mawimbi. Skani kwa rangi hata kama unaona ni nyeusi tupu, dpi 600, faili ya TIFF. Ukurasa wa A4 utakuwa kama MB 104. Diski ni rahisi kuliko kurudia kazi. Acha ukingo wa karatasi uonekane pande zote nne, na skani kurasa tupu pia, ili mpangilio wa kijitabu ubaki.

Kisha mahali pa kuiweka. Watu wema huinunulia fanzini mfuko wa plastiki wa dukani, ule laini wenye harufu. Huo ni PVC. Wino wa fotokopi ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto ukashika juu ya karatasi. Haukuzama ndani yake. Vilainisho vya PVC huulegeza, na baada ya miaka michache ukivuta ukurasa, herufi hubaki kwenye mfuko, zimegeuka kinyume kama kwenye kioo. Hakuna wa kuzirudisha. Tumia mfuko wa polyester au polypropylene, au karatasi isiyo na asidi. Ondoa rababendi leo hii. Pini ya stepla iache isipokuwa imeota kutu. Ikiota, ifungue miguu kwa nyuma taratibu, usiing'oe kwa kucha za mashine.

Dhana: "Kaseti haisikiki, imekufa"

Mara nyingi sauti iko salama na kilichokufa ni kitu cha milimita chache. Tazama katikati ya ule upande ulio wazi: pana kipande kidogo cha felti juu ya bati la shaba, kinachousukuma utepe uguse hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma sauti. Gundi yake hukauka kikadondoka, na sauti inakuwa hafifu, ya kwenda na kurudi. Kama kasha lina skrubu (kwa kawaida tano), lifungue ukiwa umelilaza, hamisha roda zote mbili kwenye kasha jipya lenye felti nzima. Kama limegundishwa, lipasue kwa uangalifu kwenye mshono.

Kabla ya hapo vunja vile vidole viwili vya plastiki vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Kabla ya kucheza, peleka utepe mpaka mwisho na uurudishe, ulegee kama umegandana. Kisha rekebisha pembe ya hedi ya deki kwa kila kaseti: geuza skrubu ya hedi polepole mpaka sauti za juu, kama matoazi, zisikike wazi kabisa. Kaseti ya mazoezi ilirekodiwa kwenye mashine iliyopinda kwa namna yake, na usipoifuata utalaumu bendi kwa uzito wa masikio ya deki yako. Rekodi WAV ya kHz 96, biti 24. Kaseti ya dakika 90 itachukua kama GB 3. Usitumie vile vichezeo vya bei rahisi vya USB. Hedi yake hairekebishiki ipasavyo, na utepe dhaifu huenda ukachezeka mara moja tu.

Dhana: "Fanzini haina mwenyewe"

Ina. Aliyeandika ndiye mwenye hakimiliki, hata kama aliinakili kopi 50 na kuzigawa bure mlangoni. Barua ndizo zinazowachanganya watu: karatasi ni mali ya aliyeipokea, maneno ni mali ya aliyeandika. Fanzini zilijaa barua za wasichana wa miaka 14 na 15, na anwani zao za nyumbani, wakisimulia mambo waliyodhani yatasomwa na watu hamsini. Kuziweka mtandaoni bila kuwatafuta ni kosa, na "mbona zilishachapwa" si jibu. Funika anwani kwenye nakala ya umma, tunza nakala kamili ndani, andika tarehe uliyoomba ruhusa na jibu ulilopewa.

Mahojiano

Tafadhali acheni kuuliza "ilikuwaje kuwa mwanamke kwenye bendi?" Wameulizwa tangu 1977 na wana jibu la kukariri. Uliza gitaa lilikuwa la nani, amplifaya iliazimwa wapi, mlangoni walilipwa kiasi gani na nani alishika fedha, nani aliandika mstari wa besi ambao jalada linampa mwingine. Weka kipeperushi au picha mezani kabla hujawasha kinasa. Mkono ukishika karatasi, kumbukumbu huja na majina. Rekodi WAV, kHz 48, biti 24, kila mtu na maikrofoni yake. Fomu ya ridhaa isainiwe siku hiyo hiyo, baada ya mazungumzo, akishajua alichosema.

Mkimaliza, rudini kwenye picha. Anza na aliye kushoto kabisa, uliza kila mmoja ni nani, ukiandika kwenye bahasha ya picha kwa penseli laini, kabla picha haijaingia ndani. Usimruke aliyekatwa nusu na ukingo wa picha, ambaye mkono wake tu ndio unaoonekana umeshika waya wa maikrofoni.