Kabla hujaweka sahihi kwa mambo ya jeni, soma fomu

Maswali kuhusu kuhariri jeni za binadamu yamekuwa mengi na najua wengi wanauliza kwa nia nzuri, mzazi ana mtoto wa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), amechoka kulala wodini, anasikia kuna tiba ya jeni anataka kujua ataipata wapi. Huyo namwelewa kabisa. Lakini wale bado wanauliza ati ugali wa GMO utabadilisha jeni za mtoto, hapana, haubadilishi, na chanjo ya korona pia haikubadilisha, tumeyasema haya mara nyingi sana jamani, tuongelee hatari za ukweli.

Tiba hiyo ya jeni ya selimundu, inaitwa Casgevy, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwisho wa 2023. Seli za kutengeneza damu zinatolewa, zinahaririwa maabara, mgonjwa anapigwa kemo kali halafu anarudishiwa, na mabadiliko yanaishia kwake, mtoto wake harithi. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, yaani kama shilingi za Kenya milioni 280 hivi, na hapa kwetu Kenya selimundu imejaa Nyanza, Magharibi na Pwani, kwa wazazi ambao hata hela ya dawa za kila siku ni shida. Ugonjwa ni wetu, tiba ni ya wengine, na hilo linaniuma.

Kiinitete, yaani mimba changa kabisa, ni mambo tofauti. Ukihariri kiinitete umeamulia mtoto, wajukuu na vitukuu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza mapacha waliohaririwa jeni ya CCR5, mlango ambao HIV huutumia kuingia kwenye seli, ati wasishikwe na HIV, na fomu waliyopewa wazazi iliuita mradi huo utafiti wa chanjo ya ukimwi! Mabadiliko yenyewe hayakutoka vile alivyopanga. Desemba 2019 alifungwa miaka 3 na faini ya yuan milioni 3, lakini hukumu hairudishi jeni za watoto vile zilikuwa. Na anayekuahidi mtoto mrefu anakudanganya, urefu pekee unahusishwa na sehemu zaidi ya 12,000 za jenomu, yaani jumla ya jeni zetu zote.

Kwa hivyo fomu ya idhini isome, hata kama unatoa tu mate au damu ya kupimwa jeni. Mwaka 2023 watu walipiga foleni KICC, Nairobi, wakaskaniwa macho na Worldcoin kwa pesa kidogo, wengi bila kuuliza data inaenda wapi, na mate au damu yako inabeba pia siri za ndugu zako wote. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu data ya jeni kuwa data nyeti. Idhini unaweza kuiondoa wakati wowote, na kuthibitisha kwamba uliitoa ni kazi ya anayetumia data, si yako. Data ikivuja na kuna hatari kwako, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72. Faini ya Kamishna inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kile kilicho chini, na ukiukaji ukifika kortini ni faini ya hadi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Malalamiko unaweza kupeleka kwa Kamishna hata kwa mdomo, yataandikwa, na uchunguzi unafaa kuisha ndani ya siku 90. Beba nakala ya fomu uliyosaini. Kama hukupewa nakala, sema hivyo kwanza kabisa, kwa sababu hapo ndipo malalamiko yako yanaanzia.