Nusu kwa nusu haimo kwenye kifungu cha 114

Kabla hujaniuliza tena, "Wakili, si sheria inasema tukiachana mali tunagawana nusu kwa nusu?", jibu ni hapana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya 1971 na mpaka leo haisemi hivyo. Na yule shemeji aliyekuhakikishia kwamba hati ikiwa na jina lako peke yako basi mwenzako anatoka na begi la nguo, naye kakupoteza. Imani hizi mbili ndizo zinazowafikisha mahakamani watu waliokuwa wameshakubaliana kuachana kwa heshima.

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Kinaielekeza iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo ndipo inaambiwa ielemee kwenye usawa. Watu wanaruka mwili mzima wanashika mkia.

Jina kwenye hati nalo ni pa kuanzia tu. Mali yenye jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yenye majina mawili inachukuliwa kuwa sawa kwa sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Halafu inachomolewa kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983. Ni kweli, pale Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, na msimamo huo bado umesimama. Ila wanaoinukuu mitandaoni sijui kama waliwahi kufika ukurasa wa mwisho, maana Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa. Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa shughuli ya familia alizitapanya, na hilo likala mchango wake. Kesi hiyo inakufungulia mlango, lakini ushahidi unakwenda nao wewe.

Hapo ndipo ninapopoteza subira. Mahakama ya Rufani ilishasema wazi, katika rufaa namba 102 ya 2018 ya Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Bado mtu anasimama kizimbani anasema "tulijenga wote" na kunyamaza. Mlijenga lini? Kiwanja kilinunuliwa kwa fedha ipi? Nani alikuwa anamlipa fundi? Mwezi mliopaua, mkopo wa SACCOS ulitoka kwa jina la nani? Taarifa ya benki ya miaka ya ujenzi inajibu. Miamala ya simu kwenda kwa fundi inajibu. Daftari la mifuko ya saruji na nondo lenye mwandiko wako lina nguvu kuliko machozi, na fundi aliyekuona kila jumamosi ukisimamia maji ya kufyatulia tofali ni shahidi mzuri kuliko mama yako mzazi.

Kuna mchango ambao hata wenye risiti wanausahau. Mke analipa ada, chakula na kodi ya nyumba. Mume mshahara wake wote unakwenda site. Miaka sita baadaye risiti zote za mabati zina jina la mume, naye anaamini kwa moyo mweupe kwamba alijenga peke yake. Hakujenga peke yake. Mshahara wake ulipata nafasi ya kununua mabati kwa sababu mwingine aliubeba mzigo wa sebuleni. Kwa hiyo tunza risiti za ada. Kwa mama wa nyumbani asiye na risiti hata moja, panga tarehe: ndoa lini, ujenzi lini, watoto lini, mume alikuwa kituo gani cha kazi, nani alibaki na mafundi.

Sasa utataka asilimia. Sina. Hakuna fomula, na kesi mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kutoa mgawanyo tofauti kabisa, hasa pale mchango unapokuwa wa kazi za nyumbani pekee. Anayekuahidi namba kabla hajaona karatasi zako anakuuzia matumaini. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumalizana mapema.

Kumalizana kunaanza na orodha: mali, tarehe ya kupatikana, jina lililopo, fedha ilipotoka, thamani ya leo, deni lililobaki. Tarehe ndiyo inayotibua. Kiwanja ulichonunua kabla ya ndoa ni chako, lakini kama mwenzako alikiendeleza kwa kiasi kikubwa, au mlikiendeleza pamoja ndani ya ndoa, kinaingia kwenye mgawanyo. Nyumba mliyoijenga kwenye kiwanja cha baba mkwe ni kizungumkuti. Msijigawie ardhi ya mzee ambaye hajakaa nanyi mezani.

Madeni msiyaache kiporo. Mkikubaliana kwamba mkopo ataulipa mume, makubaliano hayo yanawafunga ninyi wawili, siyo benki. Kama mke aliweka saini kwenye mkopo, au alimdhamini mume kwenye SACCOS, yule afisa mikopo atampigia simu yeye vilevile. Ama mkopo ulipwe kwanza kutokana na mali inayouzwa, ama mkopeshaji mwenyewe akubali kwa maandishi kumwondoa.

Mazungumzo yakiendelea, nyumba ya ndoa isiuzwe kimyakimya. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenye jina kuiuza, kuiweka rehani, kuipangisha au kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzake. Yenye hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Isiyopimwa, yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Si kinga kamili, lakini mnunuzi hatasema hakujua.

Na karatasi mliyosaini kwa mjumbe haiwaachanishi. Makubaliano ya kutengana yanatambulika kisheria, yakiwemo ya mali na matunzo, ila talaka hutolewa na mahakama baada ya kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kabla ya hapo mnapita baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA kwa Waislamu, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Hati ya baraza, inayosema usuluhishi umeshindikana, iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ikipitiliza, mnarudi barazani. Makubaliano ya mali yapelekwe mahakamani pamoja na shauri, yaingizwe kwenye tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama. Kipengele cha watoto hakimu atakipima upya kwa maslahi yao, hata kama ninyi mmekenua meno.

Andikeni humo nani anakusanya kodi ya wapangaji kuanzia mwezi gani, nani anabaki na kadi ya gari, nani analipa gharama za kubadilisha jina, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo. Palipoandikwa "nyumba itabadilishwa jina" bila tarehe, mtarudi kwangu kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama ilazimishe itekelezwe, na hiyo ni ada nyingine.