Je, wajua kwa nini vifo vya akina mama viliongezeka Romania baada ya utoaji mimba kupigwa marufuku?

Serikali inapopiga marufuku utoaji mimba, wengi hutarajia kwamba mimba zitakazotolewa zitapungua na watoto watakaozaliwa wataongezeka. Nchini Romania, ambako marufuku ya namna hiyo ilidumu kwa miaka 23, lilitokea jambo zito zaidi. Vifo vya akina mama, ambavyo mwaka 1966 vilikuwa takriban 85 kwa kila vizazi hai 100,000, vilifika karibu 170 mwaka 1989, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko vyote barani Ulaya, na zaidi ya vinane katika kila kumi ya vifo hivyo vilitokana na mimba zilizotolewa kwa siri. Ilikuwaje?

Tangu mwaka 1957 utoaji mimba ulikuwa halali nchini humo, tena ukifanyika hospitalini kwa gharama ndogo. Kwa kuwa dawa na vifaa vya kupanga uzazi vilikuwa adimu, hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu ya familia kudhibiti idadi ya watoto, kiasi kwamba kufikia mwaka 1965 mimba zilizotolewa zilikuwa karibu nne kwa kila mtoto mmoja aliyezaliwa hai. Nicolae Ceaușescu, kiongozi wa kikomunisti wa Romania aliyetaka taifa lenye watu wengi na nguvukazi kubwa, alikatiza hali hiyo kwa Amri Namba 770 ya Oktoba 1966. Walioruhusiwa kutoa mimba walikuwa wachache: wenye umri wa zaidi ya miaka 45, waliokwisha kuzaa watoto wanne, waliobakwa, na wale ambao maisha yao yalikuwa hatarini au ambao mtoto angezaliwa na ulemavu mkubwa. Wakati huohuo vidhibiti mimba vilikoma kuagizwa kutoka nje, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo siwezi kulipita kimya: mwanamke alinyimwa njia ya kuzuia mimba na pia njia ya kuitoa, kisha akaachwa ajitafutie mwenyewe.

Mwanzoni hesabu ziliipendeza serikali, kwani watoto waliozaliwa waliongezeka kutoka takriban 273,000 mwaka 1966 hadi zaidi ya 527,000 mwaka 1967. Baada ya hapo idadi ikaanza kushuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwango cha uzazi kilikuwa kimerudi karibu na pale kilipoanzia, ingawa amri ilikuwa bado inatumika. Vyumba vilikuwa vilevile vidogo, chakula kilikuwa cha mgawo, na wanawake walikuwa wamekwisha kujua nani huifanya kazi ya kutoa mimba usiku, na kwa bei gani.

Kazi hiyo ilifanyika jikoni au chumbani, mlango ukiwa umefungwa na redio ikiwa imepandishwa sauti, mara nyingi kwa mrija mwembamba wa mpira ulioingizwa katika mji wa mimba bila kuchemshwa ipasavyo, na mikononi mwa mtu asiye na mafunzo yoyote. Mji wa mimba ukitobolewa, mwanamke huvuja damu ndani kwa ndani. Vijidudu vikiingia, maambukizi husambaa katika damu na figo huacha kufanya kazi ndani ya siku chache. Madhara haya hutibika mgonjwa akifikishwa mapema kwa daktari, lakini kwenda hospitali kulimaanisha kuhojiwa. Wanawake walikaa nyumbani na homa siku mbili, tatu, wakiomba ipungue. Waliofika walikuta maofisa wa usalama wakifuatilia wodi, na daktari aliyeogopa kufungwa alisita kumgusa mgonjwa kabla ya mwendesha mashtaka kupata jina la aliyemsaidia, ilhali kila saa iliyopita ilizidi kumsogeza kwenye kifo. Hata yule ambaye mimba yake ilikuwa imeharibika yenyewe alipokelewa kama mtuhumiwa.

Hakuna aliyekuwa huru kwa sababu tu hakuwa mjamzito. Katika miaka ya 1980 wanawake wafanyakazi walipimwa viwandani na maofisini ili mimba zigunduliwe mapema na kuandikwa, zisije zikapotea bila maelezo. Waliopita umri wa miaka 25 bila mtoto, wanaume kwa wanawake, walitozwa kodi ya ziada, wakiwemo waliotamani mtoto wakamkosa. Mwenye fedha au ndugu ng'ambo aliweza kupata vidonge vya magendo au kumpa daktari paketi za sigara za Kent, ambazo wakati huo zilitumika kama fedha. Mzigo mzito zaidi ukawaangukia wenzake wasio na uwezo huo. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 10,000 walikufa kwa utoaji mimba usio salama katika kipindi hicho, na wengi wao waliacha watoto wengine nyumbani. Utawala ulipoanguka, zaidi ya watoto 100,000 walikutwa katika vituo vya serikali, wengi wakiwa na wazazi walio hai walioshindwa kuwalea.

Ceaușescu aliuawa tarehe 25 Desemba 1989, na siku iliyofuata viongozi wapya waliifuta amri yake. Mwaka 1990 utoaji mimba ulifanyika waziwazi, karibu mara milioni moja, na vifo vya akina mama vikapungua kwa takriban nusu ndani ya mwaka huo mmoja. Hospitali zilikuwa zilezile, tena maskini, na madaktari walikuwa walewale. Tofauti ni kwamba mwanamke mwenye homa sasa aliweza kusema kilichompata na kutibiwa siku hiyohiyo. Waliobaki na ugumba kwa sababu ya maambukizi ya miaka ile hawakuwa na cha kurudishiwa.