Umepata alama 12 kwenye dodoso la sonona: daktari anaziona vipi?

Kliniki nilipewa karatasi yenye maswali tisa. Ni ya nini?

Ni dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), liitwalo PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na linalotumika pia kwa Kiswahili. Huuliza ni mara ngapi ndani ya wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na huzuni, uchovu, kukosa usingizi na mengineyo. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27.

Nimepata 12. Ndiyo kusema nina sonona?

Bado. Kuanzia 10, daktari anapaswa kukuchunguza zaidi, si kuandika dawa papo hapo. Uchovu na kukosa hamu ya kula huletwa pia na upungufu wa damu, kifua kikuu, hata ujauzito. Mama mwenye kichanga halali kwa sababu mtoto halali! Daktari aulize pia kama umewahi kupitia siku za kuchangamka kupita kiasi, hulali na wala huchoki. Huenda hiyo ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuizidisha.

Nawe usiiachie karatasi iseme yote. Wengi wetu husema "nina mawazo", kichwa kinauma, moyo unaenda mbio. Karatasi haiulizi kichwa wala moyo. Yaseme kwa mdomo, pamoja na msiba, deni au kipigo cha nyumbani.

Kwani namba hiyo hubadilisha matibabu?

Sana. Uingereza, kuanzia 2006, madaktari wa familia walilipwa ili wapime sonona kwa madodoso. Utafiti wa 2009 ulionyesha kuwa alama zikipanda, dawa na rufaa nazo ziliongezeka. Lakini wazee na wenye maradhi mengine ya mwili walitibiwa kwa kiwango kidogo zaidi. Hilo linaniuma: uzee si sababu ya kuachwa na huzuni yako.

Swali la tisa, la kutamani kufa, naogopa kulijibu.

Lijibu kweli, tafadhali. Jibu lolote lililo juu ya sifuri linamtaka daktari azungumze nawe siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Atauliza kama umepanga kujidhuru, una nini karibu, na nani yuko nyumbani. Kulazwa si lazima.

Mbona najazishwa tena kila nikirudi?

Ili kuona kama matibabu yanafanya kazi. Alama zikishuka 5 au zaidi, nafuu ipo. Zisiposhuka baada ya wiki kadhaa, daktari hupitia upya dozi, ushauri nasaha, au ugonjwa wenyewe aliodhani unao.