Stendi ya shanga inayozunguka: tundu la katikati kwanza, duara baadaye

Mbukwenyi wasomaji.

Mama mmoja anayeuza shanga Sabasaba, hapa Dodoma mjini, alikuja karakanani na kikapu akakimimina juu ya meza yangu ya kazi. Kamba za shanga kama thelathini zilidondoka kwa pamoja, zimesokotana fundo moja. "Fundi, mteja akitaka ile nyekundu, hadi niifungue ameshaondoka. Nitengenezee kitu cha kutundikia, kizunguke, aone zote mwenyewe." Nikamwambia, "Sawa mama, nipe wiki tatu." Akashangaa: wiki tatu kwa mti wa kutundikia shanga? Nikamweleza kwamba wiki mbili ni za mbao, moja ndiyo yangu.

Nilikuwa nimeshajifunza kwa hasara. Stendi yangu ya kwanza niliitengeneza kwa ubao wa mninga niliohakikishiwa na muuzaji kuwa mkavu. Nikakata duara zuri, nikapiga vanishi, nikaiweka dirishani. Ulipofika mwezi wa nane na ule upepo wetu mkavu, duara likawa yai. Mbao hunywea kukatisha nyuzi zake, lakini kufuata urefu wa nyuzi hainywei kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo duara lililokatwa kwenye ubao mbichi lazima lipungue upande mmoja. Likitulia huwezi kugundua. Lizungushe, ukingo unakuja na kurudi mbele ya macho, na kazi nzima inaonekana mbovu.

Kwa hiyo kata vipande vyako vikubwa kidogo kuliko unavyohitaji, uviweke ndani ya chumba kitakamokaa stendi. Kila Jumapili vipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Jumapili mbili zikifuatana bila uzito kushuka, anza kazi. Mimi napenda mninga, ule mti wa miombo unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, kwa sababu ukishakauka hauchezi. Mabaki kutoka kwa watengeneza vitanda yanatosha. Vaa barakoa unapoupiga msasa, vumbi lake linawasha pua na kifua.

Kuhusu mzunguko: nguzo itazunguka juu ya bolti iliyosimama kwenye kitako, beringi zikiwa ndani ya nguzo. Watu wengi huulizia zile sahani pana za beringi zinazowekwa chini ya sinia la mezani. Kwa sinia ni sawa. Kwa nguzo ndefu sizipendi, kwa kuwa ziko wazi na vumbi la Dodoma linaingia mara moja. Nunua beringi mbili namba 608: tundu la milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Omba zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Zinazunguka kwa uzito zaidi kidogo kuliko zenye kifuniko cha bati, na huo uzito ndio tunaoutaka, stendi isimame pale mteja alipoiachia. Lazima ziwe mbili, zikiachana kama sentimita nne na nusu, moja juu ya nyingine. Ukiweka moja, ule ulegevu mdogo wa chini unakuwa yumbo kubwa kileleni.

Sasa nguzo. Kosa la kawaida ni kuiranda kwanza hadi ipendeze, kisha kutafuta katikati ya kichwa chake na kutoboa. Biti ikiingia kwenye kichwa cha mbao hufuata nyuzi na kupinda, na tundu likipinda hakuna dawa. Fanya kinyume. Chukua mti mnene, sentimita 6 kwa 6, utoboe kwenye kichwa chake cha chini tundu la milimita 22 lenye kina cha sentimita 6. Endelea na biti ya 18 sentimita moja zaidi, ncha ya bolti ipate nafasi. Ingiza fimbo iliyonyooka kwenye tundu, itokeze nje. Sasa randa pande nne za nguzo ukipima kutoka kwenye fimbo hiyo, hadi zote ziwe sambamba nayo na umbali uwe sawa. Mimi huishia kwenye unene wa milimita 46. Tundu likiwa limepinda kidogo ndani ya ule mti mnene haidhuru, nguzo inalifuata.

Beringi ziingie kwa kubana. Zigonge taratibu ukigusa ukingo wa nje tu, ukigonga wa ndani unaziua. Kitako kiwe na upana usiopungua nusu ya kimo cha stendi. Kitoboe katikati, upitishe kutoka chini bolti ya milimita 8 yenye urefu wa 90 na uzi mwili mzima, kichwa chake kizame kwenye mbao, ukaze kwa nati juu. Juu ya nati weka washa, kile kipete bapa cha chuma, uliyoipiga tupa hadi ikabaki na upana wa milimita 11. Washa ya kawaida ni pana, itasugua kifuniko cha beringi na utasikia kwaruza kila ukizungusha.

Kileleni naweka duara la kutundikia hereni, matundu madogo yakifuata ukingo. Hili usihangaike kulikata sawasawa. Likate kwa msumeno karibu na mstari, lifunge juu ya nguzo, ivishe nguzo kwenye bolti. Bandika msasa namba 80 kwenye kipande cha mbao, ukishikilie imara mezani, uzungushe stendi kwa mkono ukingo ukigusa msasa. Mwanzoni mlio unakatika-katika, kwa sababu msasa unafikia pale palipotokeza tu. Endelea, usikandamize. Utafika wakati mlio unakuwa mmoja, mrefu, bila kukatika. Simama hapo hapo, duara limepatikana, na katikati yake ndiyo katikati ya beringi. Malizia na namba 120, kisha 240.

Kimo kinatokana na shanga zenyewe. Pima kamba ndefu kuliko zote, gawa kwa mbili, ongeza vidole vitatu. Kamba ya sentimita 80 hulala kama 40 ikitundikwa. Matundu ya vigingi vya kutundikia kamba yatoboe kwenye nguzo yakitazama juu kidogo ili kamba zisiteleze, na vigingi usivivishe mpira: mingi ina salfa, na salfa huifanya fedha iwe nyeusi.

Mafuta ya alizeti ya jikoni, ingawa yamejaa mkoani kwetu, usiyapake. Hayakauki vizuri, yatashika vumbi. Yeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, liondoe mbali kabisa na jiko, ndipo uchanganye tapentaini, nta sehemu moja kwa tapentaini tatu. Tapentaini hushika moto upesi. Paka kwa kitambaa, acha usiku mzima, sugua.

Mama alipokuja kuichukua, alitundika nyekundu zote upande mmoja na stendi ikaanza kuinama. Tukazitoa pamoja: nzito moja huku, nzito nyingine kule ng'ambo yake, nyepesi katikati. Akaizungusha kwa kidole, ikasimama zile nyekundu zikimtazama.